Kesi ya Kampuni na Mzee Kisyeri

Mzee Kisyeri wa Kerende aliuza ng'ombe kumi na wawili akanunua jenereta. Miaka ile kila mwenye sururu alikuwa anatafuta dhahabu, na shimo lake lilikuwa na mawe mazuri, ila lilijaa maji haraka mno. Jenereta iliendesha pampu, pampu ikatoa maji, wachimbaji wakashuka. Aliyemuuzia ni mimi, Tamimu, fundi wa Tarime mjini. Wakati huo nilikuwa wakala wa kampuni ya Ulaya iliyouza mitambo ya umeme katika nchi mia moja na kumi. Cheti changu kilikuwa ukutani, na nilijidai nacho sana, sikatai.

Mwezi wa tatu tangu ainunue, mashine ikazima. Nikaenda Kerende na pikipiki, nikaikuta zizini, imefungwa kwa kamba katikati ya ng'ombe, ndama akiilamba.

"Shikamoo, Mzee. Mbona iko huku?"

"Marahaba. Wezi wapo wengi. Hapa inalindwa na wenzake."

Nikaifungua. Koili ilikuwa imeungua. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, garantii bado ipo, kampuni itamletea nyingine bure. Ilibaki kusoma namba tu, kwenye kibati cha ubavuni. Nikainama. Namba hakuna. Kibati kilikuwa kimeyeyuka, na juu yake kuna mistari miwili na duara.

"Nimeipiga chapa," akasema Mzee. "Ubavu wa kulia, kama ng'ombe wangu wote."

"Kwa chuma cha moto?"

"Wewe unapiga chapa kwa chuma cha baridi?"

Nilikasirika hadi nikasahau adabu. Nikamwambia ameunguza garantii yake mwenyewe, kwamba bila namba kampuni haitaitambua mashine.

"Basi hao si wafugaji," akajibu. "Mimi nina ng'ombe arobaini, hakuna hata mmoja mwenye namba, na nawatambua wote."

Wiki ya kwanza maji yalifika magotini. Wiki ya pili wachimbaji wanne walihamia Nyangoto. Mkewe, Mama Bhoke, akaniambia Mzee hali chakula, anashinda ukingoni akihesabu vipago vya ngazi vilivyobaki juu ya maji. Niliona huruma, na pia niliona aibu kwa kumfokea.

Nikaenda Musoma kutuma faksi. Nilichora chapa ile kwa kalamu, nikaeleza kwamba kwetu hiyo ni zaidi ya namba, mwenyekiti wa kitongoji akagonga mhuri. Sikutegemea kitu. Baada ya siku tisa wakajibu: mchoro umepokelewa, umeandikwa vitabuni mwao mahali pa namba, koili imeshasafirishwa. Nilimbusu karani wa posta mkononi, akaninyang'anya mkono wake.

Sanduku lilipofika Kerende vilibaki vipago viwili. Mzee alikuja anacheka. Halafu akaona ubavu wa sanduku na kicheko kikaisha. Kampuni, ili mzigo usipotee njiani, ilikuwa imepiga pale mistari miwili na duara, kwa rangi nyeusi, safi kabisa.

"Nani kaweka chapa yangu hapa?"

"Kampuni, Mzee."

"Iliniomba?"

Akaita wazee wa ukoo. Mzee Mogesi, mkubwa wao, akaeleza taratibu kwamba sasa huko Ulaya kuna watu wana chapa ya Kisyeri. Leo wameipiga kwenye sanduku, kesho wataipiga kwenye ng'ombe wake na kumswaga hadi nchi mia moja na kumi. Nikauliza ng'ombe atapitaje kwenye ndege. Nikaambiwa mshtakiwa haulizi maswali. Hukumu: beberu mmoja, na sanduku lisifunguliwe kabla hajaliwa.

Nikatazama shimo. Kipago kimoja.

Nikakiri kosa kwa niaba ya kampuni, nikakimbia Genkuru kutafuta beberu. Wazee walimla bila haraka yoyote, Mogesi akirudia maini. Walipofuta mikono ndipo nikaruhusiwa kugusa bisibisi.

Mashine ikakohoa, ikanguruma, bomba likatema maji. Mzee Kisyeri alichuchumaa ukingoni hadi kipago cha pili kikaonekana, halafu cha tatu, na machozi yakamtoka bila kujificha.

"Tamimu," akasema, "waandikie wale watu. Waambie nimewasamehe, wasiogope kuja."

Nikawaandikia hivyo hivyo.