Chaki ya Mende Siku Walipokuja Wakwe

Miaka ya maduka matupu hatukuwa na mende. Wangekula nini, wakati sisi wenyewe sukari tuliipangia foleni? Ilipokuja ruksa ya kuingiza bidhaa, Bariadi ikajaa biskuti, mikate, sabuni za kunukia na maboksi ya kila namna, na ndani ya maboksi wakaja wao. Kwetu, mtaa wa Somanda, walifikia nyuma ya kabati la vyombo, wakazaana kama watu waliopewa kiwanja.

Mama yangu aliwachukia kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kila mtu. Ya pili ni kwamba kanisani yeye ndiye aliyewafundisha wanawake wenzake usafi wa nyumba, na alishawatangazia kwamba mende ni ugonjwa wa wavivu. Kwa hiyo vita yetu ilikuwa ya siri. Tulifunika chakula, tukakausha vyombo kabla ya kulala, tukaziba nyufa za ukuta kwa saruji, tukachoma maboksi. Mgeni akibisha hodi, mama alimkanyaga mende aliye karibu, akabaki amesimama juu yake, anatabasamu, mpaka mgeni aondoke.

Wiki ambayo wakwe walikuwa waje kumaliza habari ya ng'ombe wa mahari yangu, mama alinunua mnadani chaki ya dawa. Muuzaji alimwambia achore mstari popote mende wanapopita; wakiukanyaga tu, basi. Mama hakujua kufanya jambo nusunusu. Alichora kizingiti, madirisha, na ukuta wote kwa chini, kisha akakizungushia duara kila kiti cha wageni. Kiti cha baba tu ndicho kilichosalimika, maana baba alikuwa amekikalia na alikataa kunyanyuka.

Dawa ilifanya kazi vizuri mno. Asubuhi ya siku yenyewe tulifagia mizoga tukaitupa chooni, na nyumba ikawa safi kama mama alivyokuwa akiisifu kwa watu.

Wakwe walifika mchana kutoka upande wa Lagangabilili, wakiongozwa na mjomba wa mchumba wangu, mzee mrefu mwenye fimbo, pamoja na shangazi wa mchumba huyo, mama mnene asiyecheka ovyo. Mimi nilikuwa nimefichwa jikoni, nisionekane mpaka niitwe. Nilichungulia dirishani.

"Mwadila," mzee alisalimu kwa Kisukuma, akanyanyua mguu aingie, akauona mstari. Mguu ukarudi ulikotoka. Akachungulia ndani: kila kiti cha mgeni kimezungushiwa duara jeupe, cha mwenye nyumba hakina.

Kwetu mtu akikuta dawa nyeupe kizingitini, hafikirii mende.

"Mwenzangu," akamwambia baba, "hii mmemwekea nani?"

Baba akamtazama mama. Kusema kweli kulikuwa rahisi, lakini kweli hiyo ingefika kanisani kabla ya jua kuzama.

"Ni mapambo," mama akasema.

"Mapambo ya kuzungushia viti vyetu sisi tu?" shangazi akauliza.

Mzee akageuka kuelekea walikoegesha baiskeli. Nilimpenda yule kijana, tena sana, na watu wake wakiondoka pale na habari ya uchawi, hakuna ng'ombe ambaye angekanyaga kwetu.

"Ni mende!" mama akapiga kelele. "Nina mende! Wako kabatini, wako vitandani, wamenishinda! Hiyo ni dawa yao!"

Mzee akarudi hatua mbili.

"Tuonyeshe mmoja," mzee akasema.

Wakatafuta. Mama alisogeza kabati wakimtazama kutoka mlangoni, baba akapekua nyuma ya kalenda. Hakuna kitu. Miezi tulikuwa tukiomba watoweke, na sasa nilikuwa naomba arudi mmoja, hata kilema.

"Mayu," shangazi akamwita mama kwa Kisukuma, "hao mende wako wamesafiri?"

Hapo nikakumbuka kreti za soda. Zilikuwa zimeletwa kutoka dukani asubuhi ile, na mama alikataza zisiingizwe ndani kabla hazijagongwagongwa. Niliipindua ya kwanza kule nyuma ya jiko, akatoka mmoja, mnene, nikamdaka kwa mkono mtupu. Sikungoja kuitwa. Nilipita katikati ya wakwe zangu, ngumi imefumbwa, nikapiga magoti kwa adabu zote, nikamwachia kizingitini.

Akavuka mstari. Akarudi. Akavuka tena, kama bwana afya anayekagua. Wazee wa watu wakainama, mikono magotini. Mwishowe akayumba, akapinduka, akapiga mateke hewani, akatulia.

Mzee akamgusa kwa ncha ya fimbo. "Kafa," akasema. Akamruka, akaingia, akaketi katikati ya duara lake.

Mama alikuwa analia. Nilijua analilia sifa yake, aliyoimwaga mbele ya watu kwa ajili yangu, na siku ile nilimpenda kuliko nilivyowahi kumpenda. Shangazi alibaki nyuma ya wenzake. Akamshika mama mkono, akainama sikioni kwake, nami bado nilikuwa pale chini nimepiga magoti.

"Mayu, hiyo chaki imebaki? Kwetu wanatembea mpaka usoni."

Mama akajifuta machozi kwa upindo wa kanga.

"Binti yangu atakuja nayo," akasema.