Utando wa Buibui Kwenye Spika

Wiki iliyopita redio ya fundi cherehani anayefanyia kazi mbele ya nyumba yangu hapa Makole ilianza kukoroma. Karatasi ya spika yake imechanika, na kila besi inapopita hutoa mkwaruzo kama wa mtu anayesafisha koo asifanikiwe. Majirani wanamtania. Mimi sicheki. Nimekuwa mtu mzima, mama wa watoto watatu, lakini sauti ile ikipenya dirishani nakimbilia kulifunga. Narudi kuwa na miaka kumi, nimejikunyata nyuma ya benchi la kanisa kule Nkuhungu, namwomba Mungu anigeuze mchwa nizame ardhini. Sijawahi kumweleza mtu sababu, lakini ninyi nitawaeleza.

Baba alikuwa fundi mwashi na mpiga gitaa wa kwaya. Kwenye kuongea alikuwa mzito. Mama alizoea kusema kwamba baba alipewa maneno machache akaambiwa ayatumie mpaka uzeeni. Aliyokuwa nayo moyoni aliyasema Jumapili, kwa vidole vilivyochubuliwa na saruji. Gitaa lilikuwa lake mwenyewe, la umeme, jekundu, limepita mikono mingi kabla ya kufika kwetu. Kasha la spika lilikuwa mali ya kwaya, ila lilikaa nyumbani kwetu kwa sababu stoo ya kanisa ilikuwa inavuja.

Shida ilikuwa sauti. Gitaa lilitoa kisauti chembamba, kikali, cha nzi aliyefungiwa kwenye chupa. Wanakwaya walimwambia, "Baba Nyemo, gitaa lako halijala ugali." Yeye alitabasamu tu, lakini akirudi nyumbani alikuwa hana raha. Alibadilisha nyuzi akaweka nene. Alizungusha vitufe mpaka vikalegea. Siku moja alilishusha kasha kutoka mezani, akaliweka sakafuni na kulisukuma kwenye kona ya ukuta, na hapo kweli sauti ikanenepa kidogo. Kanisani alijaribu vivyo hivyo, lakini kona ya kanisa ilikuwa mbali na kwaya, na waya haukufika.

Alhamisi moja alikuja Mzee Yohana, mwenyekiti wa kwaya. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kunitazama.

"Fundi," alimwambia baba, "Jumapili ni Mavuno. Wageni wanakuja. Hilo gitaa likilia tena kama mbu, tunaliweka pembeni moja kwa moja. Kinanda kinatosha."

"Sawa, Mzee," baba alijibu.

Basi. Chai yake ilipoa pale pale bila kuguswa. Nilimtazama kutoka mlangoni na hofu ikaniingia, maana nilijua kwa akili yangu ya kitoto kwamba wakimnyang'anya gitaa atanyamaza kabisa, na sisi tutabaki tunaishi na kivuli.

Sasa, nilikuwa nimetoka likizo Haneti kwa babu, baba yake baba, ambaye alikuwa akitengeneza malimba, yale ya Kigogo ya ubao na vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Limba jipya nalo huwa na sauti kavu. Babu alikuwa akitoboa tundu dogo kwenye ubao, kisha anabandua ukutani ule utando mweupe ambao buibui hufunikia mayai yake, na kuubandika juu ya tundu kwa mate. Hapo limba linaanza kuvuma. Sauti inapata nyama. "Bila buibui ni mifupa mitupu," aliniambia, akicheka na meno yake mawili.

Mnaona nilikokuwa naelekea. Nilishangaa hata ilikuwaje baba, mtoto wa mtengeneza malimba, asikumbuke jambo jepesi kama hilo.

Ijumaa mchana baba alikuwa kazini, mama kaenda sokoni. Nilitafuta buibui nyuma ya choo mpaka nikapata utando safi, mpana kama kucha ya dole gumba. Nilichomoa waya ukutani, kwa kuwa rafiki yangu wa darasani aliniapia kuwa umeme hunyonya damu. Nikachukua bisibisi ya baba, nikafungua skrubu nne za nyuma ya kasha. Ndani mlikuwa na harufu ya vumbi na mbao kuukuu. Karatasi nyeusi ya spika ilikuwa mbele yangu, nyororo, imetulia. Nilitia ncha ya bikari ya shule, nikatoboa tundu kama punje ya mtama, nikabandika utando kwa mate. Kazi safi. Babu angenisifu.

Wakati natoa mkono, bikari ikanikwama kwenye waya wa ndani. Nikavuta. Karatasi ikachanika karibu na tundu langu, mchaniko wa urefu wa kidole, na mlio wake nausikia hata sasa.

Nilichomeka waya, nikagusa uzi mmoja wa gitaa. Kasha likakoroma, likapiga makofi ndani kwa ndani, likatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Nikazima. Nilifunga skrubu ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ya nne ikanitoka kwenye vidole vilivyojaa jasho, ikabiringika kwenye ufa wa sakafu ikapotea. Nilitia njiti, nilitia uma, wapi. Nikasikia lango la bati likifunguliwa. Nikalirudisha kasha kwenye kona, mgongo ukutani, nikakimbilia jikoni kupepeta mchele ambao mama alishaupepeta asubuhi.

Sikulala vizuri wala sikula. Jumamosi umeme ulikatika kutwa nzima, nikamshukuru Mungu kwa dhati, pengine mtu pekee mjini aliyeshukuru siku ile. Mchana nilitumwa maji. Niliporudi nilimkuta baba ameketi chumbani peke yake, gitaa mapajani, kasha likiwa pale pale kwenye kona. Alinitazama. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi, nikahisi ndoo inakuwa nzito kichwani.

"Umekula?" aliuliza.

"Nimekula," nilidanganya.

"Kale tena."

Jumapili asubuhi mama alikuwa akigombana na kabati la vyombo. "Huu mlango umekuwaje? Jana ulikuwa mzima, leo unaning'inia!" Baba alisema ataurekebisha, akabeba kasha begani, tukaondoka.

Kanisa lilijaa mahindi, maboga na mikungu ya ndizi, na kuku wa sadaka walifungwa miguu karibu na madhabahu. Wageni walikaa mbele. Mimi nilikaa benchi la mwisho, kisha nikateremka nyuma yake. Kwaya iliposimama niliziba masikio, lakini nikaacha upenyo, maana hofu nayo ina udadisi wake.

Baba akapiga. Sauti iliyotoka haikuwa ya nzi, wala haikuwa ule mkoromo wa Ijumaa. Ilivuma. Ilikuwa nene, yenye mchanga ndani yake, limba kubwa kuliko malimba yote ya babu. Watu waligeuka. Kwenye viti vya wageni bibi mmoja wa kijijini alisimama, akafunga khanga kiunoni, akapiga kigelegele, na wenzake wakamfuata. Mimi nilizidi kujikunyata nyuma ya benchi. Nilikuwa nimemwona Mzee Yohana, na uso wake ulikuwa umefungwa kama duka siku ya msiba.

Ibada ilipokwisha aliinama mbele ya kasha, akamulika tochi ya simu kwenye wavu.

"Spika imetobolewa hii! Mali ya kwaya! Nani kafanya?"

Akaligeuza kasha. Nilifumba macho nikisubiri aone skrubu tatu, aseme kuna mtu kalifungua na kulifunga ovyo, aanze kuuliza nani anakaa nyumbani mchana. Nilipofumbua, niliziona nne. Nilihesabu mara mbili. Niliamini kabisa kwamba Mungu ameshuka Nkuhungu akaniwekea skrubu.

"Ni mimi, Mzee," baba alisema. "Nilitaka sauti inenepe."

"Kwa kutoboa?"

"Kwa kutoboa."

Alisimamishwa mbele ya kwaya nzima, mtu mzima yule, akaomba msamaha mikono imeshikana nyuma kama mwanafunzi. Akaambiwa asipige mpaka Krismasi, na hilo kasha bovu abaki nalo. Nilikuwa hatua kumi kutoka kwake. Neno moja tu lilitakiwa kinywani mwangu, na halikutoka. Njiani nilibeba waya, yeye alibeba kasha. Krismasi ilipofika akina bibi walimwendea wenyewe Mzee Yohana wakamtaka "yule wa limba la umeme", na baba akarudi na kasha lake lile lile. Lakini miezi ile ya katikati alikaa Jumapili kwenye benchi na vidole vikicheza juu ya goti, nami sikuthubutu kuvitazama.

Alifariki mwaka juzi, na hatujawahi kuzungumza habari hiyo. Nilidhani hakujua. Nilidhani, kwa namna ambayo sikutaka kuichunguza, kwamba alidhani ni panya.

Baada ya redio ya fundi cherehani kunisumbua siku tatu, nilikwenda Nkuhungu, nikalitoa kasha chini ya kitanda cha mama, nikaligeuza. Skrubu tatu zilikuwa nyeusi, ndogo. Ya nne ilikuwa ya njano, nene, ya bawaba. Nilifungua. Mchaniko wangu ulikuwa umezibwa kwa nyuma na karatasi nyembamba na gundi, kwa utulivu wa fundi, pembe zote zimekaa. Na kando yake, tundu langu la punje ya mtama lilikuwa limeachwa wazi vile vile, na juu yake mabaki ya utando wa buibui. Hakuugusa.

Miaka yote hiyo nilijiona nimemficha baba. Kumbe yeye ndiye aliyenificha mimi, tangu Jumamosi ile aliponiambia nikale tena.

Mama aliingia akanikuta sakafuni. "Unalia nini, Nyemo?"

"Nimeiona skrubu ya kabati lako, mama."

Aliitazama, akatazama jikoni, ambako mlango wa kabati bado unaning'inia. "Haya, irudishe basi," alisema.

Nikamwomba tuiache pale baba alipoiweka.