Kumfundisha Mkurugenzi Kutembea

Siku yangu ya kwanza kazini sikucheza hata hatua moja. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimevaa kitenge kipya, nimekuja kuanza kazi katika kikundi cha ngoma cha manispaa. Papa Bosenge, mwalimu wa kikundi, akanipeleka kwenye mlango wa soko la Mangobo, akaniketisha juu ya kreti tupu.

"Angalia miguu," akasema. "Sura, acha. Nitarudi saa sita."

Aliporudi aliniuliza, kati ya wanawake waliopita na mizigo kichwani, ni yupi aliyekuwa na mimba changa. Nikasema sijui. Kesho yake akanirudisha palepale. Nilikaa kwenye kreti ile wiki mbili, nimenuna, maana nyumbani nilikuwa nimeshajigamba kwamba nimepata kazi.

Papa Bosenge alikuwa na neno lake: mguu wa kweli. Mtu akisimama, mguu mmoja hubeba uzito na mwingine hupumzika. Ule unaobeba ndio wa kweli, na ndio unaoonyesha mwenyewe anataka kwenda wapi kabla hajaondoka. Mchezaji asiyeujua mguu wa kweli wa mwenzake atamgonga kila wanapogeuka. Ilinichukua mwaka kuliona jambo hilo, na baada ya hapo sikuweza kuacha kuliona. Kanisani nilijua nani atatoka kabla ya mahubiri kwisha. Msibani nilijua nani amekuja kulia na nani amekuja kula. Vijana mnaniambia hiki ni kipaji. Mimi kimenichosha.

Uhuru ulipofika, Mzungu aliyesimamia kikundi alirudi kwao, na mahali pake akawekwa mtu wetu, karani wa zamani, mwenye miwani na tai. Tulifurahi kweli. Furaha hiyo haikumaliza mwezi. Mkurugenzi huyu alikuwa hajawahi kucheza hata kwenye harusi yake. Alitaka tucheze kwa mstari mmoja ulionyooka, ili wageni watuone vizuri.

"Mademoiselle Georgine," aliniambia siku nilipobisha, "kucheza iko kazi ya miguu. Kazi ya kichwa inafanyikaka ku bureau."

Papa Bosenge alijaribu kumweleza kwamba ngoma ya duara haichezwi kwa mstari. Akapumzishwa kazi. Lambert, mpiga ngoma wetu mkubwa, alisema mbele ya watu wote kwamba Mkurugenzi hana masikio. Akafukuzwa kwa barua yenye mihuri mitatu. Sisi tuliobaki tulicheza kwa mstari, kama wafungwa wanaokwenda kuchota maji.

Miaka michache baadaye waasi waliopigana na serikali wakaingia mjini. Baada ya siku chache, kila aliyejulikana kuwa mtu wa ofisi alikuwa akitafutwa. Adhuhuri moja Mkurugenzi alitokea mlango wa jikoni kwangu, viatu mkononi, bila miwani. Alijua kwamba baba yangu ni mvuvi wa maporomoko ya mto, anayetega samaki akisimama juu ya miti iliyosimikwa majini, na kwamba binamu yangu huteremsha samaki kwa mtumbwi mpaka Yangambi, ambako Mkurugenzi alikuwa na wakwe.

Mavazi ya kumgeuza mvuvi hayakuwa shida. Baba alitoa kaptura kuukuu na kapu. Shida ilikuwa kwamba njia ya kuteremkia ufukweni ilikuwa na kizuizi cha waasi, na mtu huyu alitembea kama ofisi yenyewe. Kifua mbele, visigino chini kwanza, mkono wa kulia umeachana na mwili kwa sababu ya miaka mingi ya kubeba mkoba.

Nilimfungia nyumbani siku tatu, nikamfundisha. Sijawahi kupata mwanafunzi mbaya kama yule.

"Directeur, kunja magoti kidogo. Mutu mwenye anasimamaka juu ya miti ya maporomoko hakazake magoti."

"Nimeyakunja."

"Umekunja shingo."

"Mademoiselle, nitembee namna gani? Nimetembea hivi maisha yangu yote."

"Unatembea sawa na mutu mwenye anangoja wamufungulie mulango. Bon, tuanze tena."

Kila kosa alilitafutia maelezo. Sakafu haikuwa sawa, kapu lilikuwa zito, mimi nilisema haraka mno. Siku ya tatu nilimfunga kamba kiunoni nikawa naivuta chini kila alipoinuka. Jioni akaweza hatua kumi, wakati mwingine kumi na tano. Kutoka kizuizini mpaka mtumbwini zilikuwa kama hatua sitini. Nilizihesabu kimya, sikumwambia.

Asubuhi tuliteremka, mimi mbele na beseni la mihogo, yeye nyuma na kapu la samaki. Kizuizini walikuwa watu wanne. Watatu walitazama kapu. Wa nne, aliyekuwa na bunduki, alitazama miguu.

Alikuwa Lambert.

Mkurugenzi alimtambua, na palepale magoti yakakakamaa. Kifua kikatoka. Siku tatu za kazi zikapotea. Nikaangalia mguu wa kweli wa Lambert, kwa kuwa usoni hakuonyesha kitu. Uzito wake ulikuwa mbele, juu ya vidole, kama mtu anayetaka kuingia duarani. Niliona amekwisha kumjua.

"Ndeko Georgine," akasema polepole, akiniita dada kama zamani. "Huyu muvuvi, nani alimufundisha?"

"Ni mimi."

"Siku ngapi?"

"Tatu."

Wenzake walikuwa wameanza kutugeukia. Kisha nikaona uzito wake unarudi kisiginoni, taratibu, mpaka mguu wa mbele ukawa mtupu, na njia ikawa wazi.

"Ana ugonjwa ya mugongo," akawaambia wenzake. "Namujua. Wacha apite."

Tukapita. Mkurugenzi akapanda mtumbwi, akaketi katikati kama abiria wa meli, akaenda zake.

Serikali ilipourudisha mji mikononi mwake, Mkurugenzi naye alirudi, na miwani mipya. Aliwaambia watu kwamba alitoroka kwa akili yake. Sikujali. Lakini Lambert alikuwa amekamatwa, na dada yake alikuja kwangu akilia. Mtu mmoja tu mwenye muhuri aliweza kuandika kwamba Lambert alimwokoa, naye ni Mkurugenzi.

Nilikwenda ofisini. Nilimweleza Mkurugenzi yote, polepole. Aliinuka nyuma ya meza. Uso wake ulinisikiliza vizuri kabisa, hata kwa huruma, lakini mguu wake wa kweli ulikuwa tayari umeelekea mlangoni.

"Lambert?" akasema. "Mimi niliona mwasi na bunduki. Alishindwa kunijua, voilà. Mwenyewe ulinifundisha vizuri."

Nikasema Lambert alimjua. Nikasema niliona kisigino chake kikirudi chini.

"Mademoiselle, niandike barua ju ya kisigino?"

Nikapiga magoti. Akaniambia nisijiaibishe, akanifungulia mlango, nami nikaenda nyumbani kungoja, nikiuamini uso ule wa huruma. Wiki ile Lambert na wenzake walipakiwa kwenye lori lililoelekea uwanja wa ndege wa Simi-Simi, wala hawakurudi. Dada yake aliuliza kwa miaka mingi, hakuna aliyemjibu.

Nilicheza chini ya Mkurugenzi yule miaka kumi na mmoja zaidi, kwa mstari, kwa sababu nilikuwa na watoto. Siku yangu ya kustaafu alisimama akanisifu kwa utii.

Sasa vijana wa ngoma hunijia wakitaka niwafundishe kuona. Ninawafundisha, wengine ni wazuri. Ila wanadhani wakishaona, mambo yatakuwa mepesi. Mimi siku ile ofisini nilipata jibu kabla hajafungua mdomo. Lilikuwa pale chini ya meza, wazi kama mchana, nami ndiye niliyefundishwa kulisoma. Ilinipasa kuondoka mara ile, nikimbilie kwa padri, kwa mkuu wa gereza, kwa yeyote. Kabla ya lori siku zilikuwepo, mbili au tatu. Badala yake nilikaa pale nikimbembeleza, nikiutazama uso wake.