Vikombe vya Lorine

Miaka hamsini Akello amekuwa akiviponda kwa kisigino. Kila mvua ndefu zikianza, vikombe vyekundu vya uyoga, vidogo kama kizibo cha soda, huchipuka kwenye magogo yaliyooza msituni nyuma ya boma lao, karibu na Maseno. Majirani humwambia asahau. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, bwana!

Alikuwa na miaka tisa, mdogo wake Lorine minne. Walikuwa wakicheza kalongo, mchezo wa kuigiza mambo ya nyumbani, na Akello akamwandalia "mgeni" wake chai ya maji ya mvua ndani ya vikombe hivyo. Lorine akanywa, akatafuna na kikombe chenyewe, akacheka. Usiku alitapika, siku ya tatu akafa. "Ni vile vikombe," mama yao alisema, mara moja tu. Tangu hapo mvua ikinyesha Akello hukisikia kile kicheko, na humwogopesha hadi leo.

Juzi alimwambia mama yake, akachukua kikombe kimoja, akampelekea Mukhtar, mwalimu wa mimea chuoni, mteja wake wa chapati. Mukhtar alikipulizia pumzi. Kikombe kikafanya "sss", kikatoa moshi mwembamba. Akello akaruka nyuma. Alidhani ni Lorine.

"Usiogope, Mama. Ni mbegu zake zinaruka, hivyo ndivyo tunaijua. Na hii haina sumu. Kuna mahali watu wanakula kabisa."

"Mtoto mdogo je? Mdogo wangu alikula hii, akafa."

"Mtoto hawezi kufa juu ya hii. Siku hiyo alikula nini ingine?"

Akello alikumbuka. *Obwolo*, uyoga mweupe, kiganja kimoja tu, ambao mama yao aliuchuma asubuhi ile akaupika. Kwa kuwa haukutosha watu wote, alimpa kitindamimba wake peke yake.

Alirudi nyumbani mwili mwepesi, na moyo ukimuuma kwa wepesi huo. Mama yake, mwenye miaka tisini, alikuwa kitandani akitazama mlango.

"Mwalimu amesema nini, *nyara*, binti yangu?"

Mikono yake ilikuwa imekamata blanketi. Akello akaona kwamba huyu mzee naye hajalala miaka hamsini.

"Ni vile vikombe, Mama. Viko na sumu."

Bikizee akashusha pumzi ndefu.

"Nilikusamehe kitambo," akasema, akageukia ukutani, akalala.