Gari la Wagonjwa Lililozima na Mafuta Tele

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika hata spana. Mkuu wa Karakana, pale Utemini, alinipa kopo la petroli na brashi, akanionyesha kabureta iliyojaa vumbi. "Osha mpaka uone matundu yake yote," aliniambia. "Halafu uje unieleze kila tundu linapeleka nini, na wapi." Nilikuwa mwanamke peke yangu mle ndani, nimetoka Kinyangiri na cheti cha ufundi, nikadhani ananifanyia mzaha. Kumbe ndivyo alivyofundisha wote. Na kweli, magari ya wakati ule ukishayajua matundu yake umeyamaliza: petroli hapa, hewa pale, cheche inawasha. Likigoma, ubovu ulikuwa mahali unapoweza kuweka kidole.

Baada ya miaka mingi nilihamishiwa tawi la Kiomboi, chini ya Msimamizi wa Tawi, mtu mpole asiyependa maneno mengi. Huko ndiko yalikonikuta magari yenye mfumo wa mvuke. Petroli hutoa mvuke hata gari likiwa limesimama, hasa jua la kwetu likichoma. Zamani mvuke ule ulijitokea tu nje. Magari ya siku hizi yanaufungia: unapita kwenye bomba la mpira hadi kwenye kanista, yaani kopo lenye chembe za mkaa za kuunyonya na kuushika. Injini ikiwaka, valvu ndogo ya umeme inafunguka kwa vipindi, mvuke unavutwa ukaungue. Halafu kuna tundu la kupumulia, la kuingiza hewa mahali pa ule mvuke uliovutwa, na kuitoa tanki linapojazwa.

Leo nayasema haya bila kusita. Wakati ule yalikuwa giza kwangu.

Gari lenyewe lilikuwa la wagonjwa, mali ya kituo kimoja cha afya upande wa Mkalama. Dereva wake aliitwa Kitundu, mwanamume wa makamo, msafi, asiyepandisha sauti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Lina nini?"

"Hata sijui nianzie wapi. Nikijaza mafuta halitaki kuwaka. Napiga stata mpaka betri inachoka, na likiwaka linatoa moshi mweusi. Nikienda mwendo mrefu linazima njiani kama limeishiwa, na mshale uko nusu tanki. Nikikaa muda, linawaka lenyewe."

Alikuja na Katibu wa kituo. Yeye alisimama pembeni, mikono nyuma. "Fundi, gari haliwezi kuishiwa mafuta huku lina mafuta," alisema. "Kuna mtu anacheza na tanki." Hakutaja jina, ila alimtazama Kitundu. Kitundu akainamisha kichwa.

Nilibadilisha pampu ya mafuta na filta. Nikaliendesha mpaka nje ya mji na kurudi, likaenda vizuri kabisa. Haikupita wiki likazima tena. Niliunganisha mashine ya kupimia, ikaandika kwamba mtiririko wa mvuke si sahihi. Mtiririko wa kutoka wapi kwenda wapi, haikusema. Nilipapasa mipira yote, sikuona ufa. Nilikwenda kwa Msimamizi nikamwambia wazi kwamba sielewi.

"Hata mimi sielewi," alijibu. "Basi usibadilishe kifaa kingine. Panda hilo gari, ukae nalo mpaka likuonyeshe."

Nikaenda kituoni. Siku hiyohiyo, jua likiwa la utosi, aliletwa mama aliyeshikwa na uchungu tangu jana yake, mtoto amekaa vibaya. Alitakiwa afikishwe hospitali Kiomboi haraka. Nyuma walipanda yeye, muuguzi na mama mkwe wake. Mbele, mimi na Kitundu. Kabla hatujaondoka Katibu aliinama dirishani. "Likizima tena na mgonjwa ndani, Kitundu, ufunguo uuache mezani kwangu."

Lilizima porini, hakuna nyumba wala mtu. Kitundu alipiga stata, akapiga tena. Nyuma mgonjwa alikuwa ameacha kulia, na ukimya ule ulinitisha kuliko kilio.

"Mwanangu, mafuta yameisha?" mama mkwe aliuliza.

"Hayajaisha, bibi. Naapa hayajaisha."

Nilishuka bila kujua nashukia nini. Nilitaka tu kuona kwa macho kama petroli ipo. Mfuniko wa tanki uligoma kuzunguka, nikaukamata kwa mikono miwili. Ulipoachia, tanki lilivuta hewa kwa mluzi mrefu, kama mtu aliyetoka kuzama, na bati lake likalia kama debe lililobonyea likirudia umbo lake. Petroli ilikuwepo, naiona.

"Jaribu!" nilimwambia.

Likawaka hapohapo. Niliuacha mfuniko ukiwa umelegea, nimeufunika kwa kitambaa, nikamwomba Kitundu asikimbize. Mama yule alipasuliwa, akatoka mzima na mtoto wake wa kike. Lakini habari kwamba gari limezima zilifika kwa Katibu, na ufunguo ukaachwa mezani.

Kule karakana nilitoa ile valvu ya mvuke nikaipuliza kwa mdomo. Hewa ikapita, ingawa bila umeme ilitakiwa kuziba. Niliigonga kiganjani, zikadondoka chembe za mkaa. Kanista ilikuwa imepasuka ndani kwa mitikisiko ya barabara, mkaa ukakwama kwenye valvu, ikabaki wazi muda wote. Ndiyo maana gari likijazwa tu, injini ilinyweshwa mvuke mwingi ikashindwa kuwaka. Nikafunga valvu mpya na kanista mpya. Nikaona nimemaliza.

Siku chache baadaye Katibu alikuja mwenyewe, akiendesha. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepotea njia. "Kitundu hayupo kwenye usukani," alisema, "na gari linanuka petroli mpaka wagonjwa wanatapika. Kwenye kituo cha mafuta, bomba linajizima kabla tanki halijajaa. Nani sasa anacheza nalo?"

Nilifungua mfuniko. Safari hii tanki halikuvuta, lilinipulizia usoni. Juzi linavuta, leo linapuliza! Kila nilichodhani nakijua kikageuka.

Msimamizi alitoka ofisini, akasikiliza. "Linalovuta na linalopuliza," aliuliza taratibu, "vyote viwili vimekosa nini?"

Nilifikiri mpaka kichwa kikauma. "Pa kupumulia," nikasema.

Nililala chini ya gari, nikaufuata mpira wa hewa mpaka mwisho wake. Tundu lilikuwa limezibwa kwa udongo mkavu, mgumu kama kigae. Nyigu walikuwa wamejenga nyumba. Valvu ya zamani ilipobaki wazi, injini ilinyonya tanki na hewa haikuweza kuingia; valvu mpya ilipoziba, mvuke ukakosa pa kutokea.

Mimi na Katibu tulikwenda kwa Kitundu. Tulimkuta shambani kwake, anapalilia alizeti. Katibu alimweleza yote, akamwomba radhi bila kuzunguka, akamnyooshea ufunguo. Kitundu hakuupokea papo hapo.

"Yule mama na mtoto wazima?" aliuliza kwanza.

"Wazima," nikamjibu.

Alikaa chini kwenye tuta. "Mama, nilifika mahali nikiamka nanusa nguo zangu. Nikajiuliza, au ninaiba mafuta usingizini? Mke wangu aliniuliza hivyohivyo."

Kisha akaupokea ufunguo.

Sasa nimestaafu, naishi Utemini. Mpaka leo sijui kilichoanza ni nyigu au mkaa, na sidhani nitajua. Mafundi vijana huniletea magari yenye dalili zinazopingana, na mashine nzuri kuliko niliyokuwa nayo. Kabla hatujafungua boneti nawauliza: nani analaumiwa kwa hili gari? Wananiona nimechanganyikiwa. Lakini mara nyingi yupo, amekaa nyumbani, na hajui kama sisi tulioshika spana bado tunatafuta.