Nilibeba Mavi Msituni Ili Nisiitwe Mwongo

Ndugu yangu unayesoma, mimi ni mtu mchafu. Sisemi mwili. Mwili naoga, na kazi yangu yenyewe ni usafi: ofisi kibao hapa Kista, mtaa wa Stockholm, zinang'aa kwa mikono ya watu niliowaajiri mimi, mwenye darasa la saba tu! Nilianza mji huu kwa kusukuma ndoo, leo nina magari yenye jina langu ubavuni. Lakini nikijitazama kwenye kioo natamani kutema mate.

Kosa langu lilianzia mdomoni.

Kuna mnyama huku wanamwita älg. Mfikirie pofu, yule swala mkubwa wa kwetu, mrefushe miguu, mning'inize pua, mpe pembe pana kama sepetu. Nilifanya mtihani wa uwindaji kwa Kiswidi, nikafaulu! Mzee mmoja, Göran, mkulima mstaafu, akanipokea kwenye kikundi chake cha wawindaji, msituni kaskazini mwa mji. Wazungu watupu, na mimi. Wakati wa kahawa alinimiminia mimi kwanza, kabla ya watu aliokua nao tangu utotoni.

Mwaka wa kwanza nikaangusha dume. Nyama ikaliwa mpaka mtaa wa Hjulsta. Wakongo wakaniita Patron, Wakenya wakaniita Chief, nami kichwa kikavimba. Nikasimama mbele ya kanisa zima nikatangaza: harusi ya binti yangu Neema, pilau itakuwa ya älg!

Sasa, huku hujipigii tu. Kila msitu unapangiwa utoe wangapi, wakubwa na ndama, wasije wakaisha. Na wanaopanga wanatusikiliza sisi wawindaji. Wakati wa kuwinda kila mtu anasema ameona wangapi. Theluji ikiyeyuka, tunahesabu mavi. Ndiyo, mavi! Kuna maduara yamewekewa vigingi, unapita ukihesabu mafungu. Mavi mengi, wanyama wengi. Hakuna wa kukusimamia. Ni neno lako tu.

Msimu wa pili wenzangu walirudi wakitikisa vichwa. Hakuna kitu. Mimi nilikuwa nimeona sungura. "Jike na ndama wawili," nikasema. Kesho yake nikaona dume. Keshokutwa yake, watatu!

Göran akacheka. "Wewe una macho ya Afrika."

Nikaumuka kama andazi.

Theluji ilipoyeyuka akasema, "Mavi yakiwa machache, mwaka huu tunawapumzisha. Hatupigi hata mmoja." Akanipa maduara ya kando ya kijito, pale pale nilipodai kuwaona. Nikaenda peke yangu. Duara la kwanza, majani. La pili, majani. Hakuna hata punje!

Hapo ningesema ukweli, ningechekwa, basi. Lakini nilishawaona wakwe zangu wakikaa mezani. Nikageuza gari.

Kuna shamba wanafuga älg, watalii wanakwenda kuwapiga picha. Nikamdanganya mwenye shamba kwamba mke wangu anataka mbolea. Nikajaza mifuko ile ile ya taka tunayotumia maofisini, nikaitia kwenye gari la kampuni ya usafi. Ya usafi!

Jumapili, tukienda kanisani, mke wangu akaanza kunusa.

"Baba Neema, humu kuna kitu kimekufa?"

"Mbolea tu. Ya maua."

"Maua yapi? Tunakaa ghorofa ya sita!"

"Ni ya Göran."

"Makubwa! Mkulima analetewa mavi na mtu wa ghorofani Jakobsberg?"

Nikaongeza sauti ya redio.

Kesho yake nilipiga magoti kwenye tope nikapanga mavi kwa mikono yangu, fungu fungu, kama muuza nyanya. Mzee mzima! Vidonge vyake vinafanana na tende. Hadi leo jirani yangu Mwislamu akiniletea tende, nazigawa zote bila kuonja.

Göran akaja kutazama. Akainama, akasimama, akanipiga bega. "Wapo. Ulisema kweli." Tukapewa jike mmoja na ndama mmoja.

Kanuni ni ndama kwanza, asibaki yatima baridi ikimkuta. Tulikaa sana bila kuona kitu, kisha mbwa akabweka. Jike na ndama wake, hao tu. Göran akampiga ndama. Mimi nikampiga mama yake.

Harusi ilifana! Watu walilamba sahani, wakaniimbia. Mimi nilitafuna kipande kimoja, nikakitema kwenye karatasi.

Msimu uliofuata, mbwa alizunguka msitu mzima akarudi kimya. Hakuna nyayo, hakuna tawi lililotafunwa. Siku ya mwisho Göran akatukusanya kwenye moto.

"Kosa ni langu," akasema. "Nimezeeka, msitu nimeusoma vibaya. Tafuteni kiongozi mwingine." Kisha akaninyooshea kidole. "Mwenye macho ni huyu."

Wakanipigia makofi. Jamani! Makofi!

Nilingoja wenzetu waondoke. Göran alikuwa ananimiminia kahawa, mimi kwanza kama kawaida. Nikamwambia yote: sungura, shamba, mifuko. Hakupaza sauti. Akauliza swali moja tu.

"Ndama yule. Nilipompiga, ulijua hakuna wengine?"

"Nilijua."

Akaimwaga kahawa yangu chini. Akafunga chupa, akamwita mbwa, akaenda zake.

Kikundi sina tena. Kanisani bado wananiita Chief, na kila wakiniita nasikia harufu ile ya kwenye gari.

Wewe mwenye mdomo kama wangu, nisikilize! Ukishajisifu uongo, uukane siku hiyo hiyo, ungali maneno tu. Ukiuacha utataka kulishwa, utataka kubebwa, mwisho utaupigia magoti kwenye tope. Waambie wakwe nyama hakuna. Pika maharage! Watakucheka jioni moja, watashiba, watasahau.

Juzi nilirudi kule peke yangu, bila bunduki, nikatembea kando ya kijito nikitafuta dalili yoyote. Kwenye duara nikaona fungu, moyo ukaruka! Nikainama. Yameota ukungu. Ni yale yangu.