Mama wa Posta na Matusi Ziwani

Mama anayetuletea barua hapa kaskazini mwa Minnesota ni mtu wa maneno machache. Hutembea kwa hatua fupi, kama anayeijaribu barafu, na akifika mlangoni huvua glavu moja kwa meno, akakukabidhi barua zako, akaenda zake. Kila Januari hukimbia mbio za msituni za kilomita sitini, kwa hatua zilezile fupi.

Mwaka huu nilikuwa nagawa supu kituo cha mwisho cha mbio hizo, kando ya ziwa lililoganda. Adhuhuri, baridi ikiwa nyuzi thelathini chini ya sifuri, tulisikia mtu akitukana huko ziwani. "Piga hatua, mzembe we! Hata bibi yangu angekupita, naye ni marehemu!" Alikuwa yeye, akimkokota Toivo, seremala wa hapa kwetu aliyekuwa naye mbioni. Baridi ilikuwa imemlevya Toivo mpaka akataka kuvua koti, akidai anasikia joto.

"Niache nilale, mama."

"Utalala kwako! Nitukane, basi! Kwa nguvu!"

Toivo akamtukana, na kwa kila tusi akapiga hatua. Walikuwa wamekuja hivyo tangu msituni, kilomita sita nzima. Tuliwakimbilia na mablanketi, lakini mama hakumwachia mkono mpaka alipomkalisha karibu na jiko. Muda wa mwisho wa wakimbiaji kupita kituoni ulikuwa umeshapita, mbio zake zimeishia hapo. Aliomba supu tu. Vidole vyake vilikataa kukunjika, ikabidi nimshikie kikombe akinywa.